Kengele ya Kusikika hadi Mapendo

Mimi ni mama wa mitraye. Kwingine wanasema vyuma chakavu, sisi Goma tunasema mitraye, na ukifika parsele yangu, uwanja wa nyumba yangu huku Katoyi, utaikuta imerundikwa hadi chini ya dirisha la jikoni. Ninanunua, ninachambua, ninauza. Kuchambua ndiyo kazi yenyewe. Kwanza sumaku: kinachonaswa ni chuma au fonti, kisichonaswa tunakigeuza na kukikwaruza hadi kiseme jina lake. Resoru za lori, zile springi, zinakwenda kwa wahunzi na kurudi sokoni zikiwa mapanga na majembe. Fonti, chuma cha kumimina, ile ya dramu za breki na ya vyerehani vya zamani, ni ngumu lakini haina uvumilivu, ukiigonga vibaya inapasuka. Shaba nyekundu ya nyaya inapendwa na kila mutu, hata wezi. Laito, ile shaba ya njano ya robine za maji na kufuli, nayo ina wateja wake. Maganda ya risasi ni laito safi kabisa, lakini hayo hayaingii kwangu hata uyalete umeyafunika na majani ya sombe. Sitaki kesi mimi.

Aluminiumu ni ya yaya. Yaya ni kaka yangu mkubwa, na tanuru lake la makala, makaa ya miti, liko nyuma ya nyumba yangu hiyohiyo. Anachukua pistoni za magari na fremu za madirisha, anayeyusha, anamimina ndani ya mchanga, na inatoka sufuria. Makopo ya soda hayataki, anasema yanageuka majivu na kumpotezea makala. Nusu ya bugali ya Katoyi inakorogwa ndani ya sufuria zake, hilo simnyimi. Ila ni mbishi! Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha, na akirudi ameloa atasema ni umande.

Yaya alikuwa amefiwa na mke, watoto wake wamekua na kwenda zao. Basi pole pole tukaanza kuona mambo. Kila Jumapili anaoga hadi sabuni inalia, anavaa shati la mikono mirefu, anakaa benchi la mbele upande wa kwaya. Kwaya yetu inaongozwa na mama mmoja mjane, mutu wa Butembo, anayeuza unga wa muhogo nyumbani kwake Mapendo, mtaa wa huko chini upande wa ziwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Shirika zima, yaani jumuiya yetu ya kanisa, lilijua. Yaya peke yake ndiye aliyedhani ni siri.

Sasa, kengele ya kanisa letu dogo ilikuwa janti ya lori, ule mduara wa chuma wa gurudumu, imetundikwa kwa waya kwenye mti wa avoka, parachichi. Ndivyo ilivyo kwenye mashirika mengi. Siku moja janti ikapata ufa, na sauti yake ikaharibika. Baada ya misa mama wa kwaya akasimama akasema, “Hii janti inaita waamini kama mutu anayegonga mlango wa choo.” Tukacheka. Hapo yaya akainuka. Kabla sijamvuta koti akasema, “Mimi nitatengeneza kengele. Kengele ya kweli.”

“Itasikika hadi wapi, papa?” mama akamuuliza.

“Hadi kwako, Mapendo.”

Oooh! Kanisa likalipuka. Wamama wakapiga vigelegele, muzee wa shirika akajifanya anatafuta miwani. Mama wa kwaya akaangalia chini, akaangalia juu, halafu akasema kwa sauti ya kutosha watu wote, “Haya. Siku nitakayoisikia nikiwa kwangu, ujie na familia yako.”

Kwetu kuja na familia si kuja kusalimia. Ni kuja na kreti za vinywaji, baba wadogo na maneno ya heshima, kuomba mke. Kwa hiyo tangu siku ile ndoa ya yaya ilikuwa inategemea chuma, na mimi ndiye mwenye chuma. Ee Mungu wangu.

Nikamwambia mapema: “Yaya, kengele ni bronzi. Ni shaba nyekundu na bati. Shaba ninayo kidogo. Bati sina.” Na hapo ndipo pananiuma: jiwe la bati linachimbwa kwenye vilima vyetu hivihivi, linapita mjini ndani ya malori bila hata kutusalimia, linakwenda kuyeyushwa ng'ambo. “Halafu hata tukilipata,” nikamwambia, “moto wako wa makala ni wa aluminiumu. Shaba itakucheka.”

“Mukono wangu unajua aluminiumu,” akajibu. “Kengele ni umbo tu.”

Umbo! Mutu ambaye maisha yake yote ametengeneza sufuria, unadhani alitafuta umbo wapi? Alichukua sufuria yake kubwa kuliko zote, ile ya harusi na matanga, akaigandamiza ndani ya mchanga na kumimina. Alipofukua, ikatoka sufuria. Imepinduliwa, ni kweli, lakini ina masikio mawili ya kushikia, kushoto na kulia. Nilicheka hadi nikakalia rundo la radiyata. Yeye hakucheka. Alichukua msumeno akayakata yale masikio, akatoboa tundu juu, akapita mbele yangu bila kunitazama.

Jumapili ikafika. Yaya akaitundika sufuria yake, samahani, kengele yake, kwenye avoka, shirika zima limezunguka. Akapiga.

Ko!

Akapiga tena kwa nguvu. Ko! Ko! Jirani mmoja akachungulia juu ya ua akauliza kama kuna sherehe, alete sahani. Watu wakaanguka kwa kucheka. Mama wa kwaya akashika mdomo, akajikaza, ikashindikana. “Papa,” akasema, “mimi nimesikia bugali.”

Nami nilicheka, tena sana, hadi nilipomwona yaya. Alikuwa ameshikilia nyundo na shingo yake imelegea. Kicheko kikanikauka. Nikamhurumia kwa namna ambayo hata sikuitaka, maana mutu mbishi ukimwona amenyamaza inatisha. Toka siku hiyo akahamia misa ya alfajiri, ile isiyo na kwaya. Lile shati la mikono mirefu akalivaa kazini, kwenye makala na moshi.

Nikavumilia, nikashindwa. Asubuhi moja nikampelekea nyundo. “Inuka. Kuja tupige hii mitraye yote mpaka kimoja kiitike.”

“Sitaki.”

“Nani amekuuliza kama unataka?”

Tukaanza. Majirani walidhani tumerogwa, watu wazima wawili wanazunguka parsele wakigonga taka. Pistoni, bubu. Dramu ya breki ikasema neno moja zito ikanyamaza. Robine ya laito ililia vizuri, lakini sauti ndogo, ya kuita kuku. Beseni la inoksi, chuma kisichoshika kutu, la zahanati fulani, likapiga kelele kali isiyofika hata barabarani. Ferabeto, nondo za kujengea, zikalialia tu. Nyuma ya hizo ferabeto kulikuwa na chupa ndefu ya oksijeni, mtungi wa chuma wa gereji ya kusude, wanakochomelea vyuma, tupu, kichwa chake kilitolewa zamani, kuku wangu wanalala juu yake. Nikafukuza kuku. Yaya akaiinua upande mmoja kwa kamba, mimi nikapiga.

Ngooooo!

Niliisikia ndani ya meno. Ndege waliruka kutoka bati la jirani. Ni chuma kinene kisicho na mshono, kimezoea kubana pumzi, sasa kimepata nafasi ya kusema. Tukatazamana. Yaya alikuwa na uso wa mutoto aliyepewa beignet, andazi la moto, halafu uso ukaanguka tena.

“Lakini sikuiyeyusha mimi.”

“Yaya! Mama alisema ataisikia. Hakusema atakuja kuikagua!”

Tukamwomba fundi akaikata kitako, tukaitundika kwenye avoka siku ya Jumamosi jioni. Jumapili yenyewe mama wa kwaya angekuwa hapohapo kanisani, kwa hiyo isingehesabika. Inabidi awe kwake. Mimi nikasema tungoje, tupange vizuri, tuwajulishe watu. Nani alinisikia? Jumatatu asubuhi, wakati ambao mama huwa nyumbani anachekecha unga wake, yaya alijaza pamba masikioni akaenda peke yake na nyundo kubwa.

Mgeni wa Goma lazima aelewe jambo hili. Kengele yetu ina saa zake. Ikilia nje ya saa zake, na ikaendelea kulia bila kupumzika, hatuulizi misa ni ya nani. Tunaangalia mlima wetu wa moto. Tangu ulipolipuka mara ya mwisho kila nyumba ina begi karibu na mlango.

Nilikuwa jikoni. Nilisikia ile ngooo, ngooo, nikatabasamu, na tabasamu halijaisha nikasikia mbio. Nilipotoka, barabara ilikuwa imejaa magodoro. Watu wanateremka kuelekea ziwani, mbuzi wanavutwa, mama mmoja amebeba televisheni mgongoni kwa kitenge. Nilikimbia hadi kwenye avoka nikamnyang'anya yaya nyundo. “Unaua watu!” nikamfokea. Watu wakatuzunguka na mizigo yao kichwani, na matusi niliyoyasikia siku ile mengine yalikuwa ya Kinande, sikuomba kutafsiriwa.

Katikati ya kelele hizo akatokea mama wa kwaya. Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, alikataa kupanda naye zaidi, akamaliza njia kwa miguu, kiatu kimoja, mikono yote miwili nyeupe kwa unga hadi viwiko. Akampita kila mutu hadi mbele ya yaya.

“Papa! Mlima unatoka na wewe unasimama hapa?”

Yaya akachomoa pamba sikio moja. “Mama, umeisikia?”

“Nimesikia nini?”

“Kengele. Ulikuwa kwako?”

Mama akaiangalia ile chupa. Akaangalia nyundo mikononi mwangu. Akaangalia mlima, uliotulia na moshi wake wa kila siku. Akasonya, sonyo refu, nami nikajua sasa anampiga, tena nikampa nafasi.

Lakini mama mmoja muzee, godoro likiwa bado kichwani, akamuuliza, “Ngoja kwanza, mama wa kwaya. Sisi wote tulikuwa tunateremka kwenda ziwani. Wewe ulikuwa unapanda kwenda wapi?”

Mama wa kwaya akajipangusa unga kwenye kitenge, kwanza mkono huu, halafu ule.

“Tuje lini?” yaya akauliza polepole.

“Jumamosi,” akasema, bado anahema. “Na mje kimya.”