Mashine ya Clarrie Trezise

Nimenyoosha bodi za magari miaka thelathini na minane, kwa hiyo jirani akitaka kununua zana za kukunjia bati asiponiuliza, nanuna. Clarrie Trezise aliniuliza. Alikuja kwenye uzio unaotenganisha nyumba zetu hapa Wallaroo, mji wetu mdogo wa Australia Kusini, akasimama na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa.

"Len," akasema, "nataka kuchonga boneti na madigadi mpya za ile pikapu ya marehemu baba. Kutu imekula zote. Sasa hapo bandani nianze na zana gani?"

Clarrie alikuwa dereva wa treni za ngano, amestaafu, na bati hajawahi kuligonga maishani mwake. Mkewe, Avis, alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti yao yuko Perth, na Perth si kwa jirani. Nikamwambia: nyundo ya mbao yenye kichwa cha mviringo, mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, gogo gumu lililochimbwa katikati kama bakuli, na kipande cha chuma cha kukingia kwa chini unapogonga. Basi. Unaweka bati juu ya mchanga, unaligonga mpaka libonyee, halafu unalilainisha taratibu. Kazi ya mtu mmoja.

"Ya mtu mmoja," akarudia, huku anaizungusha ile kofia.

"Eeh, wewe na kelele zako. Na nunua polepole, usije ukajaza banda makorokoro."

Jumamosi ile kulikuwa na mnada kwa Hocking, aliyekuwa anauza shamba. Kwetu mtu akiuza shamba, mali yake yote inapangwa mistari mistari juu ya majani, kuanzia matrekta mpaka chupa za jemu, na watu wanakuja hata kama hawana haja na kitu. Akina mama wa kanisani wanauza soseji kwenye mkate. Wengine, nikiwemo mimi, tunafuata soseji tu.

Zana za bati zilikuwepo. Nyundo tatu za mbao, nzuri, mipini imeng'aa kwa mkono wa mtu. Nikamwonyesha Clarrie kwa kidevu. Akazipita. Akaenda kusimama mbele ya mashine moja ya magurudumu: fremu nzito ya chuma inayokaribia kimo cha mtu, gurudumu moja juu, moja chini, na bati linapitishwa katikati, linakwenda na kurudi, mpaka lipate mkunjo. Dalali akataja bei, Clarrie akainua mkono, na hakuna aliyeongeza.

"Wee Clarrie, umerukwa na akili?" nikamwambia mbele za watu. "Bati la boneti haliendi humo bila mtu wa pili! Mmoja anashika huku, mwingine kule. Nilikueleza nini mimi?"

"Atamfundisha mbwa," dalali akadakia, na watu wakacheka.

Clarrie naye akacheka. "Ndiyo nimeshanunua tena. Basi Len, Jumamosi utanipitia, unishikie upande wa pili?"

"Nitapita," nikasema.

Sasa, "nitapita" ya kwetu haina siku wala saa. Anayeisema hajafunga ahadi, na anayeambiwa haulizi mara mbili. Mwanamume wa hapa kumwambia mwenzake "njoo, nakuhitaji", afadhali meno yang'olewe.

Jumamosi ya kwanza kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Ya pili, mgongo. Ya tatu sitasema uongo, sikuwa na lolote, nilikuwa nimelichoka bati tu. Kila tukikutana barabarani kutoa mapipa ya taka nilimwambia, "Nisamehe mzee, nilibanwa," naye akanijibu, "Hakuna shida." Na kila Jumamosi asubuhi, kwenye dirisha letu la jikoni, nilikuwa naona milango ya banda lake iko wazi, viti viwili mlangoni, birika juu ya benchi. Ikifika saa sita milango imefungwa.

Mke wangu Glenys akashindwa kuvumilia. "Hivi, mtu aliyeendesha treni miaka yote ile anaweza kushindwa kuhesabu mpaka mbili?"

"Nilimwambia anunue nyundo."

"Nyundo angegonga peke yake! Alichagua ile makusudi, Len. Anataka mtu aje. Na mtu mwenyewe ni wewe, mjinga wewe."

Jamani, niliona aibu, chai ikanishinda. Nikahesabu: tangu mnada zilikuwa zimepita Jumamosi tisa. Ya kumi nikachukua glovu zangu za zamani, Glenys akanifungia mkate wa nyama na viazi, nikaenda.

Kabla sijafika nilisikia magurudumu yanazunguka. Clarrie alikuwa anafanya kazi. Alikuwa amefunga kamba kwenye boriti ya paa, akaunga kipande cha mpira wa tairi, na upande wa pili wa bati ulining'inia hapo, unakwenda na kurudi wenyewe. Kile kiti cha pili kilikuwa na makopo ya rangi.

"Nimekuja kushika," nikasema.

"Ah, Len! Usijisumbue, bwana. Nimeshapata ujanja." Akanionyesha fundo, akiwa na furaha kweli. "Mwanzoni ilinitesa. Sasa simsumbui mtu."

"Nishike hata hivyo."

Akanipisha. Nikashika, tukasukuma, tukavuta. Mkunjo ulikuwa safi, na nasema hivyo kama fundi. Lakini uzito wote ulikuwa kwenye kamba. Mkono wangu ulikuwa unafuata tu. Tukala ule mkate tumesimama.

"Nitapita tena Jumamosi," nikamwambia, na safari hii, Mungu anajua, nilimaanisha.

"Hakuna shida," akasema, kwa upole uleule. Sijafika hata getini, nikasikia magurudumu yameanza tena.