Kura Mia Moja Bila Kiti

Siku yangu ya kwanza kazini tulisimama wawili kwenye foleni moja, nje ya ofisi ya shamba la chai upande wa Kericho: mimi Ombati, niliyetoka Kisii na cheti cha shule mfukoni, na kijana wa Bomet aitwaye Rono, ambaye hakuwa na cheti. Karani Mkuu alinipeleka kiwandani. Rono alipewa kikapu akachume. Nikajiona nimemtangulia. Kufikia saa nne wachumaji wote walimjua kwa jina, na mimi nilikaa kiwandani mwezi mzima nikiitwa "yule mgeni". Wivu wangu ulianzia hapo, na sitawaficha nyinyi vijana mnaosoma haya.

Wakati wetu majani mabichi yalitandazwa juu ya nyavu ndefu, yakapulizwa upepo kwa saa nyingi mpaka yalegee. Huko ndiko kunyausha. Kisha yalipita kwenye mashine ya kukata, yakaachwa yageuke kahawia, ndipo yakaingia tanuri ya kukausha. Mwisho ni chumba cha kuchambua, ambako machekeche yalitenganisha chai ya punje na chai ya vumbi. Nilianza kwenye kunyausha, nikahamishiwa tanuri, baadaye nikawa msimamizi wa zamu kwenye kuchambua. Meneja wa Kiwanda, mtu asiyecheka, alinifundisha kunusa chai kabla ya kuitazama.

"Ombati," aliniambia, "jicho linadanganywa. Pua haina rafiki."

Rono naye alipanda. Alikuwa nyapara, kisha mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, ile iliyopeleka malalamiko yetu kwa Meneja Mkuu. Kamati ilikuwa na viti tisa, na kila mfanyakazi alitia alama kwenye majina tisa. Wachumaji walikuwa kama mia mbili, sisi wa kiwanda kama mia moja. Basi majina tisa ya wachumaji yalipita yote, kila mara. Mara tatu niligombea, mara tatu kiwanda kizima kikanipigia kura, mara tatu nikarudi bila kiti.

Siwezi kusema kamati ya Rono ilikuwa mbaya. Iliwapatia wachumaji aproni za mvua na maji ya kunywa shambani. Hayo waliyajua, kwa sababu waliyaishi. Lakini kinga ya chuma kwenye mashine ya kukata ilikuwa imelegea, na barua zetu kuhusu kinga hiyo zilisomwa mwisho wa kikao, watu wakiwa wameshasimama.

Ndipo Nyaboke, mama aliyelisha majani kwenye mashine ile, akakatwa vidole viwili. Mimi ndiye niliyempeleka zahanati, kitambaa changu kimelowa damu. Njiani, mama wa watu akilia, wazo lilinijia: sasa Rono ataonekana hafai. Naliandika hapa kwa aibu.

Afisa wa Wafanyakazi, mama mmoja kutoka upande wa ziwa, ndiye aliyenieleza upigaji kura wa uwiano.

"Kila upande ulete orodha ya majina," alisema. "Mtu apigie orodha moja tu. Orodha ikipata theluthi ya kura, ichukue theluthi ya viti, kuanzia jina la juu. Hakuna kura inaanguka chini."

Nililipeleka jambo hilo kwenye mkutano mkuu. Badala ya kueleza hesabu, nilimsema Rono karibu nusu saa. Alipoinuka, hakupandisha sauti.

"Bwana Ombati, hiyo unataka ni haki, ama ni mimi unataka nitoke?"

Watu walicheka. Hoja ikaanguka, na kwa kweli ni mimi niliyeiangusha.

Kabla ya uchaguzi uliofuata, Rono alimtembelea Nyaboke nyumbani. Sijui waliongea nini. Kwenye mkutano alisimama na kusema, "Sisi wachumaji tuko wengi. Lakini huyu mama aliumia kwa sababu kwa kamati hakukuwa na mtu anajua ile mashine. Tugawe viti vile Ombati alisema. Sisi tutapoteza vitatu. Wacha vipotee."

Mikono yote ilienda juu. Walimpigia makofi marefu. Wazo langu, kinywa chake. Niliketi nikitazama viatu vyangu.

Tulipanga orodha ya kiwanda. Wenzangu walimweka Nyaboke wa kwanza, mtu wa tanuri wa pili, fundi wa mitambo wa tatu. Mimi nilikuwa wa nne. Tukapata viti vitatu. Katika kikao cha kwanza Nyaboke aliweka mkono wake mezani na kuomba kinga mpya. Mwezi haukuisha kabla haijafungwa.

Nimestaafu sasa, nina miti michache ya chai karibu na Kimulot. Juzi walinijia vijana wa kituo chetu cha kuuzia majani. Mtaa mmoja wenye watu wengi hunyakua viti vyote vya kamati yao, nao wanataka uwiano. Niliwaambia wasiogope wanaosema utaleta ugomvi. Ugomvi upo tayari. Ugomvi ukikosa kiti ndani utakaa mlangoni. Tena wasikatae jambo jema eti aliyelileta ana kijicho. Hata nchi nzima naitakia mfumo huo.

Kisha nikawauliza mbona hawakwenda kwa Rono, anayekaa ng'ambo ya bonde na ambaye kila mtu humwendea.

"Tulienda, mzee," mmoja akajibu. "Alisema, 'Hiyo kitu ni ya Ombati. Mimi nilisimama tu nikaisema.'"

Miaka yote hiyo, kama ningeulizwa habari zake, nisingemsema vizuri namna hiyo. Niliwaeleza hesabu mpaka saa sita, vizuri kadiri nilivyoweza. Walipoondoka, nikamwonea wivu tena.