Vifaranga Mgongoni mwa Bi Kengele

Ukimtaja Bi Kengele, watu hucheka kwanza ndipo waeleze. Alijifunza baiskeli akiwa tayari na wajukuu, na kwa kuwa breki hakuziamini, alifunga kengele ya kuamsha mtaa mzima. Kazi yake ni kuangua vifaranga kwa mashine na kuwapeleka kwa wafugaji wakiwa na umri wa siku moja.

Siku moja boksi la vifaranga nyuma ya baiskeli lilikuwa la wifi yake, dada wa mumewe, aliyeachishwa kazi kiwandani akajifungia ndani kama mgonjwa. Bi Kengele alimbembeleza afuge kuku mpaka akakubali shingo upande, akatayarisha chumba chenye jiko la mkaa.

"Ila wakifa hawa, usinitajie tena habari ya kuku," wifi alimwambia kwenye simu. "Nimechoka kuanza."

Asubuhi jua liliwaka, Bi Kengele akatoka na blauzi tu. Njia ni ndefu, tena ya kupanda. Alipokuwa ameshapita nusu yake upepo ukageuka, ukungu ukashuka, manyunyu ya baridi yakamchoma mashavu. Nyuma yake vifaranga wakaanza kulia, ule mlio mkali wa kiumbe anayepoteza joto.

Akasimama kwenye kibaraza cha fundi viatu, pande la mtu lililojikunyata ndani ya koti zito.

"Kaa hapa baridi ipite, mama," fundi alisema. "Hao utaangua wengine."

"Hawa ni wa wifi yangu. Una moto?"

"Hapa nina gundi na maneno tu."

"Basi nipe koti. Nitalirudisha kesho."

Fundi akalivua huku akinung'unika kwamba hata mkewe hajawahi kumvua koti kwa maneno machache hivyo.

Bi Kengele akalisogeza boksi mpaka likamgusa mgongo, akavaa koti likawafunika yeye na boksi pamoja. Mbele halikufungika, kifua kikabaki wazi. Haidhuru. Mtu anayepanda mlima kwa baiskeli, mgongo wake huwaka kama jiko. Shida ni kwamba akisimama atapoa, na wao watapoa naye.

Basi hakusimama. Kwenye kilima ambacho siku zote hushuka akaikokota baiskeli, alibaki kitini asije akauondoa mgongo kwenye boksi, akakanyaga polepole, magoti yakimlalamikia. Watu wa kibanda cha chai wakamwita. Akawapigia kengele akapita. Vidole vikafa ganzi. Nyuma, kilio kikafifia, kisha kikakoma. Hapo hofu ikamwingia, maana kifaranga akinyamaza, ama amestarehe ama amekwisha. Kufungua atazame kungewamwagia baridi. Akaongeza mwendo.

Wifi alikuwa mlangoni. "Wewe wifi una wazimu. Hilo koti la nani?"

"Chukua boksi kwanza. Mimi mikono haifunguki."

Wifi akalibeba hadi kando ya jiko, akapiga magoti, akafunua. Akaanza kuwagusa mmoja mmoja.

"Wifi?" Bi Kengele aliita kutoka nje, bado ameshika usukani.

"Mmoja amekufa," wifi alijibu. "Wengine walikuwa wamelala. Huyu ananidonoa kidole. Maji yao niweke ya vuguvugu?"

"Ya vuguvugu. Na uwachovye midomo, mmoja mmoja, wajue maji yako wapi."

"Basi ngoja hapo hapo," wifi alisema, tayari ameshamshika wa kwanza. "Nikimaliza hawa, nitakuja kubandua mikono yako."