Mujukuu alichagua astronomi, minye nikapika ugali ya watu wawili

Ni ule mwaka ziwa ilifungwa kwa muda, serikali ikakataza kuvua, Uvira yote tukakula sombe, majani ya muhogo, bila ndagala, wale samaki wadogo, mpaka watoto wakauliza sombe ilifanya kosa gani.

Wakuu, niwaamkie kwanza. Minye, ni kusema mimi, ni bibi mzee wa Kalundu, hapa Uvira. Masomo yangu iliishia troisième primaire, darasa la tatu, basi mukiona kosa mupite juu yake. Uongo hamutaiona hapa.

Nimeona humu mu jukwaa vijana wanauliza: inivesite nichukue fizike ao astronomi? Nitawaambia yenye ilifika mu nyumba yangu.

Nililea Riziki, mtoto wa binti yangu marehemu. Tulikuwa wawili tu. Ananiita tate, vile watoto wa huku wanaita bibi yao. Akili yake iko kama wembe. Siombi musamaha kwa kumusifu, ni wangu.

Akapata bourse, pesa ya masomo, ya inivesite ya mbali, ya kupanda ndege. Mwaka wa kwanza wote wanasoma fizike pamoja, na hesabu nyingi. Kisha unachagua option: fizike yenyewe, fizike na astronomi, ao fizike ya kufundisha.

Hiyo ya kufundisha iko hata hapa Uvira. Ya nyota haiko.

Alichagua nyota.

Akanieleza mu simu: "Tate, mwezi ikijaa, mwangaza yake inaharibu kazi. Nyota za mbali hazionekane."

Minye nikafurahi! Huku Kalundu mwezi ikijaa wavuvi wa ndagala wanarudi nyumbani, kwa sababu samaki haifuate tena taa za mitumbwi. Wanashona nyavu, wanagombana na wake zao. Nikajiambia: basi kila mwezi ikijaa, mtoto anarudi.

Musicheke. Ao mucheke kidogo.

Mwezi ikajaa. Nikatandika kitanda yake, nikapika ugali ya watu wawili. Ikapoa. Asubuhi kuku wakakula sehemu yake.

Nilipomwambia mu simu, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza:

"Tate, weye iko unakula na nani?"

"Na kuku."

Hakucheka tena.

Kesho yake mtoto wangu Bahati, mjomba wake, akatoka mtaa wa Rugenge mbio, akafika kwangu.

"Mama, Riziki amesema ukimuita tu, anarudi. Atachukua fizike ya kufundisha hapa. Neno moja tu! Nyota zitakuchotea weye maji?"

Nikatazama bidon ya maji pale mlangoni. Mgongo wangu unajua uzito wa ile bidon. Na mu ile nyumba, hata nikipiga chafya, hakuna mwenye kusema pole.

"Minye sitamuita arudi."

"Mama, weye ni mugumu!"

"Na weye nilikuzaa, sijui ulainifu uliutoa wapi."

Akaenda. Nikabaki na kuku.

Vijana, nilichojifunza ni hiki: mbele ya kuchagua, uliza ni option gani haiko karibu na nyumbani, na nani atabaki anakula peke yake. Ukishajua, chagua yenye roho yako inataka. Na mwenye anabaki asifunge mtoto na sahani yake.

Sasa ziwa imefungwa tena, mwezi iko inajaa. Ninapika ya mutu moja, lakini mkono yangu inapima tu ya wawili.

Muandike mawazo yenu, zaidi wenye wanasoma astronomi: munapumzikaka siku gani? Ila mwenye atanishauri kama Bahati, jibu lake liko hapa tayari.

Minye sitamuita arudi.