Bomba Lililobaki Ukutani kwa Dona Hermínia

Jumanne, tarehe 17 Februari 2015, mjini Fall River. Baridi nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, upepo mdogo kutoka mtoni, theluji ya wiki tatu imeganda kwenye kuta hadi kiunoni.

Délio Arruda alifika kwa Dona Hermínia Furtado saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Ni fundi wa maboila, mitambo ya kupasha nyumba joto, ana miaka hamsini na tisa, mabega mapana na goti moja bovu. Alikuja hapa na wazazi wake kutoka kisiwa cha São Miguel, ng'ambo ya bahari, akiwa na miaka kumi na mmoja. Kiwanda cha nguo kilipofungwa, akaanza kazi ya kushuka kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu na kuyatoa maboila ya mafuta ili aweke ya gesi.

Ana kanuni moja ambayo wenzake humtania nayo: siku anayotoa tangi la mafuta, siku hiyohiyo anang'oa na bomba la ukutani ambalo lori la mafuta hujazia kutoka nje. Ujanani aliiona nyumba ambayo tangi lilitolewa, bomba likaachwa. Lori likaja kwa zamu yake kama kawaida na kumimina lita mia nane sakafuni. Wenye nyumba hawakulala humo tena.

Kwa Dona Hermínia alivunja kanuni hiyo. Jumatatu alilikata tangi vipande vipande na kulitoa, lakini bomba la nje lilikuwa limezikwa kwenye barafu, na nyumba nzima ilikuwa inatetemeka kwa kukosa moto. Akaamua joto litangulie, bomba lingoje siku moja.

"Dona Hermínia, kampuni ya mafuta umeshawaambia wasije?"

"Nimewaambia, fundi. Wewe nipe joto."

Aliuliza tena Jumatatu hiyohiyo walipokuwa wakinywa kahawa. Akauliza mara ya tatu akiwa mlangoni anaondoka.

"Mbona unanihoji kama padri? Nimesema nimewaambia!"

Hakuwa amewaambia. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba alishika simu mara nne na kuirudisha mahali pake. Hiyo kampuni haingoji kuitwa. Inahesabu siku za baridi, ikiona tangi lako limekaribia kwisha, inatuma lori. Na dereva alikuwa yuleyule kwa miaka ishirini na sita, Normand Thibault. Mwaka aliofariki mume wa Dona Hermínia, Normand alijaza tangi, akavua kofia, akaingia jikoni kukaa na mjane. Kila Pasaka hupewa mkate mtamu wenye yai juu. Dona Hermínia aliona haya kumwambia mtu wa namna hiyo asije tena.

Jumanne hiyo, saa nne na robo, lori la kijani lilisimama mbele ya nyumba.

Dona Hermínia aliliona kutoka dirishani, akajua limekuja kujaza tangi lisilokuwepo. Kisha akapata tumaini dogo. Siku zote yeye ndiye huchimba njia ya kufika kwenye bomba, na safari hii hakuchimba. Dereva akikosa njia, huacha karatasi mlangoni na kwenda zake. Akasimama nyuma ya pazia, akasubiri.

Lakini Normand alitazama theluji, akatazama nyumba ya mama mzee, akarudi kwenye lori kuchukua koleo. Akaanza kumchimbia.

Chini, Délio alikuwa juu ya ngazi anakaza kiungo cha mwisho cha gesi. Alisikia koleo likikwaruza, akadhani ni jirani. Lile bomba lilipita juu ya kichwa chake, likaishia hewani mahali lilipokuwa tangi, mdomoni limesokomezwa kitambaa. Koleo likanyamaza. Kikafuata kishindo kidogo cha shaba kugonga shaba, halafu mlio wa kitu kinachozungushwa na kukazwa.

Sauti hiyo aliijua: mpira wa lori la mafuta unafungwa kwenye bomba. Kulikuwa na vidato kumi na kimoja hadi mlangoni, na goti lake bovu.

"Usifungue!" alipiga kelele. Injini ya lori ilikuwa inanguruma, nani angesikia? Akainua spana, akaanza kuligonga bomba kwa nguvu zake zote. Juu, Dona Hermínia alikuwa ametupa pazia na kutoka nje na ndara, anateleza kwenye barafu.

"Normand! Simama! Hakuna tangi!"

Kitambaa kilichomoka. Mafuta yalimwagika begani mwa Délio, yakashuka hadi sakafuni. Akaziba mdomo wa bomba kwa viganja viwili, akijua haviwezi kuzuia kitu.

Mara yakakatika.

Mafuta yakiingia kwenye tangi, hewa inayotoka kwa bomba la pili ukutani hupiga filimbi, na dereva husimama akiisikiliza hadi inyamaze. Normand alifungua kidogo tu, akatega sikio, asisikie filimbi. Akafunga.

Dakika moja baadaye wote watatu walikuwa chini, wanatazama dimbwi la lita tano hivi.

"Bibi," Normand alisema, "tangi langu liko wapi?"

"Limekwenda na chuma chakavu."

"Mimi niligonga bomba," Délio alisema, huku mafuta yakimdondoka kiwikoni. "Umenisikia?"

"Nilikuwa nimeshafunga. Nikadhani una hasira tu."

Délio akamgeukia mwenye nyumba. "Nilikuuliza mara tatu, Dona Hermínia."

"Nilijua ni tatu. Nilizihesabu."

"Nyumba yote hii ingekwisha!"

Mama akashika aproni yake. "Ningemwambia nini, fundi? Kwamba nimepata mwingine?"

Normand alicheka, kisha akaacha. "Miaka ishirini na sita. Ulidhani nitalia? Ungeniambia, nisingevunja mgongo kwenye theluji yako."

"Na mkate wa Pasaka?"

"Mkate nitaufuata kwa miguu. Huo hauhitaji bomba."

Walimwaga mchanga wa kunyonyea mafuta, wakaufagia. Saa kumi jioni boila jipya liliwaka, vyuma vya joto vikaanza kugongagonga vyumbani. Délio alimaliza kazi, na kahawa aliyoandaliwa hakuinywa.

Kesho yake asubuhi alikuja saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijatoka vizuri. Aling'oa mabomba yote mawili, la kujazia na la filimbi, akakoroga saruji kwa maji ya moto, akaziba matundu ukutani, akayafunika kwa gunia yasigande. Kisha akanawa, akaingia jikoni, akapiga namba ya kampuni ya mafuta, akamkabidhi Dona Hermínia simu, na akasimama hapohapo mpaka mama aliposema mwenyewe kwamba lori lisije tena. Ndipo alipovuta kiti akaomba kahawa.