Barua ya Kuaga

Misaada ilipopungua katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ghala: mradi wetu ungefungwa mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa mtunza ghala. Jirani yangu wa kazi alikuwa dada mmoja, mama wa watoto wanne, aliyekuwa akipima watoto uzito kwenye kliniki ya lishe. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi. Yeye ni raia wa Tanzania, na ana shamba la mihogo upande wa Kasanda.

Kwetu mtu hatoki kwa watu bila kuaga. Anayeondoka kimya husemwa kafukuzwa, au kaiba. Kwa hiyo siku ileile dada alinijia na karatasi tupu.

"Mwanasheria wa darasa la saba," akasema, jina walilonipa wenzangu kwa kuwa nilipenda kusoma vitabu vya sheria, "niandikie barua ya kuaga. Iwe na heshima. Sitaki kutoka kama kuku aliyefukuzwa kwa fagio."

Niliandika kwa mwandiko wangu bora. Nilishukuru, nikawaombea wakubwa heri, na katikati nikaweka maneno niliyoyaona ya kiungwana: "nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu." Aliisoma, akafuta machozi, akaipeleka. Yangu sikuiandika, kukabidhi magunia kulinimalizia siku.

Mradi ulipofungwa tulikwenda pamoja Kasulu, kwenye ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, kuomba fao la kukosa ajira. Njiani nilimweleza nilichosoma. Kila mwezi sehemu ya mshahara wetu, pamoja na mchango wa mwajiri, ilikwenda kwenye mfuko. Aliye kazini humbeba aliyepoteza kazi, akijua kesho zamu inaweza kuwa yake. Anayestahili hulipwa sehemu ya mshahara kwa miezi michache, ili atafute kazi nyingine kabla hajang'oa mabati ya nyumba ayauze au kuuza ardhi kwa bei ya shida.

"Kumbe ni ikibiri," akasema. Ndivyo wazazi wake walivyoita kulimiana mashamba kwa zamu. Mtu aliyetaka kulinunua shamba lake la mihogo alikwisha kulitazama na alikuwa akisubiri jibu. Ada za watoto zilikuwa zikimsubiri yeye.

Afisa alifungua faili la dada, akasoma, akarudia kusoma.

"Mama, hapa wewe uliacha kazi mwenyewe."

"Niliacha nini? Kliniki yenyewe imefungwa kwa kufuli!"

"Na barua hii?"

Dada akanigeukia. "Haya, mwanasheria. Sema."

Afisa hakukosea. Bima hulinda hasara ambayo mtu hakuichagua. Ukimlipa kila anayeondoka kwa kupenda, mfuko utakauka, na siku mwingine akiangukiwa na janga atakuta hakuna kitu. Kanuni hiyo nilikwisha kuisoma, hata nikaipigia mstari. Nilipokuwa naandika kwa mwandiko mzuri sikuikumbuka.

Kwa kuwa mimi sikuaga, nilikuwa na barua ya mwajiri ya kuniachisha kazi, yenye muhuri. Niliitoa. Ilitaja nafasi zote zilizofutwa, na ya mpima uzito wa kliniki ilikuwamo. Afisa aliitoa kivuli.

"Hii inasaidia. Lakini mwajiri athibitishe. Na aliyeandika barua ya mama aeleze kwa maandishi."

Nilikaa kwenye benchi la nje nikaandika kwamba tangazo la kufunga mradi lilitoka kwanza, ndipo mama huyu akaomba kuaga. Niliandika pia kwamba maneno "kwa hiari yangu" yalikuwa yangu, si yake, na kwamba niliyaweka kwa kupenda uzuri wa barua. Nikatia sahihi. Dada alisimama nyuma yangu akisoma kila neno hadi mwisho.

"Leo hujapamba," akasema.

Wiki zilipita kabla mwajiri hajathibitisha. Kila Jumapili nilimwona kanisani, na kila mara nilisubiri kusikia kwamba shamba limeuzwa. Kisha akanipigia simu. Fao lake lilikuwa limekubaliwa, naye alikuwa amemwambia yule mnunuzi wa shamba asirudi tena.

"Umemwandikia?" nikauliza.

"Barua tena? Nimemwambia kwa mdomo, akiwa amesimama palepale shambani."