Mtoto wa Degedege Hachomwi

Tulijifunza kuchoma sindano kwenye maembe. Tabora haina shida ya maembe, na Sista, Mwingereza aliyetufundisha kuuguza watoto, aliamini kwamba embe lililoanza kuiva lina ugumu ule ule wa paja la mtoto. Tuliketi kwenye benchi nyuma ya wodi, wasichana na wavulana tuliotoka shule za misheni, kila mmoja na embe lake, tukichoma na kuchomoa. Somo likiisha alitukataza kuyala kwa sababu yalikuwa yamejaa maji ya chumvi. Tuliyala hivyo hivyo.

Lakini embe halina mama. Hilo lilinikera tangu mwanzo. Sista alizoea kutuuliza, "Mtoto ana malaria, amekakamaa, macho yamegeuka, hawezi kumeza. Mtafanya nini?" Nasi tulimjibu kwa pamoja kama tunaitikia misa, "Sindano ya kwinini, Sista!" Alifurahi sana. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kwetu ugonjwa huo ni degedege, na mtoto wa degedege hachomwi. Akichomwa anakufa. Mimi nililijua hilo kabla sijajua kusoma, kwa kuwa mama yangu alinifundisha nyumbani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, pamoja na kula kwa mkono wa kulia.

Siku moja nilijikaza. "Sista, tufundishe na maneno ya kumwambia mama mtu."

"Wewe choma tu," akasema. "Mtoto akipona, mama ataamini."

Na asipopona? Hilo sikumuuliza, na yeye hakulisema.

Kisha akaletwa mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu aliolewa Igalula, na alimleta mwanawe kwa treni baada ya dawa za nyumbani kushindwa. Kanga yake bado ilinuka moshi wa majani waliyomfukiza. Mtoto alikuwa amekakamaa, povu mdomoni. Aliponiona na trei ya sindano, mdogo wangu alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi.

"Dada, nakuomba, usimchome. Hili ni degedege, na wewe unajua."

"Hawezi kumeza, mdogo wangu. Bila sindano tunampoteza."

"Dada, huyu ni mwanao!"

Nilichoma. Nilichoma vizuri, mahali pake hasa, mpaka Sista akaitikia kwa kichwa. Adhuhuri haikufika, mtoto akafa.

Alikuwa amecheleweshwa mno, na hakuna sindano ambayo ingemrudisha. Nilieleza, nikaeleza tena, nikaona ninapigia ukuta kelele. Mdogo wangu alikuwa akiutazama mkono wangu wa kulia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu siku hiyo, nikipita Ng'ambo na gauni langu jeupe, wanawake waliwaita watoto wao ndani, hata wale niliocheza nao utotoni. Darasani Sista aliendelea kuuliza na wenzangu wakaendelea kuitikia. Mimi nilikuwa nafungua mdomo tu, sauti haitoki.

Mdogo wangu akajaliwa mtoto mwingine. Mwaka mtoto huyo alioanza kusema, mvua za masika zilipokwisha, jirani yao wa Igalula alikuja mjini akaniambia mtoto ana homa kali na mama yake amejifungia naye ndani. Nilichukua mkoba, nikapanda treni, njia nzima sikujua nishike lipi niache lipi.

"Hodi!"

Nikabisha tena.

"Hodi, mdogo wangu."

"Mtoto ni mzima, dada. Amelala."

Nilikuwa namsikia mtoto akihema, pumzi fupi fupi, mlango ukiwa kati yetu. Nililia pale uani bila aibu, wanawake wa jirani wakinitazama. Kisha nikaitoa ile sindano ya kioo, mali ya hospitali, nikamwita achungulie dirishani. Nikaiweka juu ya jiwe la kusagia nikaiponda.

"Umeona? Sina kitu. Nimekuja kama mama yake mkubwa."

Komeo likasogea.

Mtoto alikuwa anaungua, lakini alikuwa hajakakamaa, na koo lilikuwa bado linapitisha. Nilisaga vidonge vya kwinini, nikachanganya na asali. Alitema. Nilikwangua asali kidevuni nikamrudishia. Nilimfuta kwa maji, nikamlisha tena, huku mama yake akiufuata mkono wangu kwa macho. Nilibaki kwao mpaka homa ikashuka na mtoto akaomba uji.

Mdogo wangu alitoka naye uani, anacheka na machozi yanamtoka. Akanishika mkono, ule ule wa kulia, akawageukia jirani zake.

"Mmeona wenyewe? Hakuchomwa, amepona!"

Wanawake wakaitikia kwamba ndivyo. Nilikuwa na maneno tele mdomoni, yote niliyofundishwa na mengine ambayo hakuna aliyenifundisha. Niliyameza. Mtoto yule angeugua tena, na pengine siku hiyo asingeweza kumeza. Nilitaka angalau nikibisha nifunguliwe mlango.